Kikivuka Kizingiti

Mtaa mzima ulimwita Mama Kizingiti, na jina hilo lilitokana na kibao. Juu ya mlango wa duka lake la mitumba, kwa ndani, pale ambapo mteja hukiona akiwa anatoka na mzigo wake, alipigilia kipande cha mbao kilichoandikwa kwa chaki nzito: KIKIVUKA KIZINGITI HAKIRUDI. Kwa nje hakuthubutu kukiweka. Nje aliandika KARIBUNI NYOTE.

Duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake. Mabomba mawili ya chuma yalipita kutoka ukuta hadi ukuta, yamesheheni nguo. Kulikuwa na kioo kirefu chenye ufa pembeni, pazia la maua la kujaribia, na barazani alikaa fundi na cherehani yake, mtu aliyesema maneno kumi kwa siku na saba kati ya hayo aliiambia sindano. Nguo chache zilitoka kwenye marobota. Nyingi Mama Kizingiti alizinunua kwa watu: aliyenenepa alileta zilizombana, aliyekonda alileta zilizompwaya, na aliyeachwa na mchumba alileta zawadi zote kwa mkupuo, akitaka ziondoke machoni pake kabla ya jua kuzama. Kwa hiyo nguo moja iliweza kupita dukani hapo mara tatu katika miaka mitano, kila mara ikiwa na mwenyewe mwingine.

Kibao kilikuwa na historia yake. Zamani mtu alinunua gauni Ijumaa, Jumamosi akalivaa harusini, Jumatatu akalirudisha limekunjwa vizuri kabisa. "Limenibana, Mama." Limekubana vipi, na kwapa linasimulia namna ulivyocheza? Mama Kizingiti aliliwa hivyo mara nne. Ya tano akatafuta chaki.

Tena hakuishia kwenye kibao. Kila nguo iliyopita kwa fundi kutiwa kiraka au kubadilishwa bitana ilitiwa mishono mitatu ya uzi wa kijani, kwa ndani, chini ya kwapa la kushoto. Hiyo ilikuwa alama yake, ili nguo ikija kuuzwa tena asije akainunua kwa bei ya nguo nzima wakati fundi wake alikwisha kuipasua na kuiunga. Siri hiyo waliijua watu watatu tu: yeye, fundi, na binti yake wa pekee. Wanaosema kwamba mwanamke huyu hakuwa na kumbukumbu ya sura za watu wanasema kweli. Aliwahi kupishana na shemeji yake mwenyewe sokoni bila kumsalimu, na alipolaumiwa akajitetea, "Nisamehe, shemeji, ulikuwa umebadilisha shati." Lakini nguo! Nguo hakuisahau hata moja.

Kulikuwa na sheria moja zaidi, na hii ndiyo iliyomponza. Dukani nguo hailazwi kitini. Tangu binti yake hajajua kufunga vifungo alikuwa akimwimbia, "Ikilazwa inalala, ikitundikwa inauzwa." Na kweli kilichotundikwa kiliuzwa. Fundi alisahau sweta lake kwenye henga asubuhi moja, na mchana akalikuta halipo. La pili aliwahi kulikuta bado lipo, ila ilibidi alinunue, tena baada ya kupatana.

Basi huyo binti alikuwa ameposwa.

Kijana aliyemposa alifika nyumbani mara mbili, na Mama Kizingiti alimkubali mara ya kwanza tu, kwa sababu shati lake lilipigwa pasi mpaka mgongoni. Wanaonyoosha kifua peke yake, alisema, ni matapeli. Lililomnyima raha ni mama wa kijana. Alisikia kwamba ni mwanamke nadhifu asiyeona vumbi akalisamehe, na mwenye jicho la kupekua. Mwanamke wa namna hiyo atasema nini akijua kwamba mwanawe anaoa kwa muuza mitumba? Kuna watu ambao huishika nguo ya mtumba kwa vidole viwili kana kwamba itawang'ata. Mama Kizingiti alikwisha kuwaona wengi na hawakumkosesha usingizi. Lakini kuona binti yake akiingia katika nyumba ya watu, halafu kila akivunja sahani aambiwe "ndiyo malezi ya kwenye marobota," hilo hakuweza kulimeza. Aliogopa, na aliogopa hasa.

Mama mkwe huyo alitarajiwa Jumamosi saa tisa alasiri. Mpango ulikuwa kufunga duka saa saba, kuvuta pazia la ujia unaounganisha duka na sebule, na kumpokea mgeni kwa mlango wa upande, asione hata soksi moja.

Mama mkwe alifika saa nne asubuhi, tena kwa mlango wa duka.

Mama Kizingiti alikuwa chumbani ameingiza mkono mmoja kwenye gauni lake zuri, akipigana na zipu. Hakusikia kitu. Aliyempokea mgeni ni binti. Nje kulikuwa na manyunyu na baridi, lakini ndani ya duka pasi ya mkaa ya fundi ilikuwa imeleta joto la kutosha kuokea mkate, na mgeni akavua koti lake. Binti alilipokea kwa mikono miwili na kwa adabu zote. Akili yake ilikuwa kwenye chai, sebule, na mama yake asiye na habari. Mikono yake, ambayo ililelewa dukani, haikusubiri akili. Ikachukua henga, ikatundika koti kwenye bomba la mbele, ikafunga kifungo cha juu ili likae vizuri, halafu ikamwongoza mgeni kupita ujiani hadi sebuleni.

Dakika tano baadaye Mama Kizingiti aliingia dukani kwa mlango wa chumbani, gauni limefungwa, miguuni bado ana kandambili za kazi. Alitaka kuuza kidogo kabla ya kufunga. Na hapo akaingia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu anayekaa nyumba ya nne kutoka hapo. Kwa wiki tatu hakuwa akizungumza na Mama Kizingiti. Alinunua kwake suruali ya kijivu ambayo, alipofika nyumbani, mguu mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa vidole viwili. Alirudi. Alionyeshwa kibao. Alipouliza afanyeje, aliambiwa akunje ule mrefu. Mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini na nne haambiwi hivyo. Lakini leo mke wake alikuwa anasafiri kwenda kwa dada yake, sehemu za baridi, na hakuna duka jingine la karibu. Hivyo Mwalimu alikuja, ila alisema na fundi.

"Fundi, mwulize mwenye duka kama ana koti la mwanamke."

Mama Kizingiti alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwake. "Fundi, mwambie Mwalimu yapo sita."

Fundi aliendelea kukanyaga cherehani.

"Fundi, mwulize lile jekundu-jekundu pale mbele ni kiasi gani."

Mama Kizingiti aligeuka, akaliona. Koti la rangi ya damu ya mzee, kola ya mahameli meusi, vifungo vikubwa. Loo! Alilijua mara moja. Lilipita dukani hapo kama miaka miwili nyuma, bitana imechanika, fundi akaiweka mpya. Akajiambia kwamba kumbe mwenyewe amelichoka, amelileta tena, na binti amelipokea bila kumwambia. Hata hivyo hakuwa mtu wa kubahatisha. Akaingiza mkono, akakunjua kwapa la kushoto, akatazama. Mishono mitatu ya kijani, hiyo hapo.

"Fundi, mwambie Mwalimu hili ni mali safi."

Walipatana kupitia kwa fundi kwa muda wa robo saa. Mwalimu alidai vifungo ni vikubwa mno, na Mama Kizingiti akajibu kwamba mwenye macho mabovu atashukuru. Mwisho Mwalimu akalipa, koti likatiwa kwenye mfuko, na alipofika mlangoni Mama Kizingiti hakuweza kujizuia. Alinyoosha kidole kuelekea juu.

"Kibao umekiona lakini, Mwalimu?"

Mwalimu alisahau kwamba hasemi naye. "Nilikiona siku ya suruali," alisema, akatoka.

Mama Kizingiti alikuwa bado anatabasamu pale binti yake alipochungulia kutoka ujiani, sura imempauka. "Mama! Mgeni amefika. Yuko sebuleni, anakunywa chai."

"Mgeni gani?"

"Mama yake, Mama! Mama mkwe!"

Alikimbia. Sebuleni alimkuta mwanamke mfupi, mkavu, ameketi wima kama aliyepigwa pasi yeye mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa vipana kuliko vilivyotarajiwa kwa mwili ule, na vilishika kikombe kwa nguvu. Alisimama, wakakumbatiana, wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za afya, na Mama Kizingiti akaomba radhi kwa kandambili.

"Usijali, mkwe," mgeni alisema. "Mimi ndiye niliyekosea kuja mapema. Lakini mtu ukimjia saa aliyojiandaa unaonana na maandalizi tu, yeye mwenyewe humwoni."

Mama Kizingiti alicheka kicheko ambacho hakikuwa chake. Mgeni akanywa funda moja, akaweka kikombe.

"Koti langu binti yetu amenitundikia huko dukani. Naomba lisije likachanganyika na hayo mengine. Alininunulia mwanangu kwa mshahara wake wa kwanza. Aliniambia ni jipya, limetoka kwenye duka kubwa la mjini."

"Koti," alisema Mama Kizingiti. "La rangi gani, mkwe wangu?"

"Damu ya mzee. Lina kola ya mahameli."

Mama Kizingiti alikodoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Ndani yake viligombana vitu viwili. Cha kwanza kilikuwa hofu. Cha pili, na hiki kilikuwa na kelele zaidi, kilikuwa haki yake: jipya? Duka kubwa? Koti lile lilikuwa na uzi wake wa kijani kwapani! Hakuwa amekosea hata kidogo! Alifungua mdomo aseme, na papo hapo binti yake akakanyaga kandambili yake, na mguu uliokuwa ndani ya kandambili.

"Mama, njoo unisaidie sukari," alisema binti.

"Sukari iko mezani."

"Nyingine, Mama."

Ujiani, pazia likiwa nyuma yao, binti alinong'ona haraka haraka. "Usiseme, Mama, nakuomba. Alilinunua hapa. Ulikuwa umekwenda kuchagua robota. Mimi ndiye niliyemuuzia."

"Nani?"

"Yeye! Ndipo tulipojuana. Alikuwa anatafuta zawadi ya mama yake, ana hela ndogo, anashika kila koti anaona haya. Nikamchagulia lile. Akarudi kesho yake kusema ahsante, na keshokutwa kuuliza kama tuna soksi." Alimeza mate. "Lakini alimwambia mama yake ni jipya. Na sisi tumewaambia wote kwamba tulijuana kwenye kozi ya kompyuta."

"Kozi ya kompyuta! Wewe hata redio huijui kuizima!"

"Mama, ukimwambia kuhusu uzi wa kijani, umemuumbua mtoto kwa mama yake. Na mama mtu atajiona amevalishwa mtumba miaka miwili bila kujua. Ataniingiza vipi nyumbani kwake? Nenda tu kachukue koti kwenye bomba ulilete."

Mama Kizingiti alianza kunyoosha pazia lililokuwa limenyooka.

"Mama. Liko kwenye bomba?"

"Lilikuwa."

Binti hakulia. Afadhali angelia. Alikaa chini ujiani, papo hapo sakafuni, akafunika uso kwa viganja, na mama yake, ambaye tangu asubuhi alikuwa anaogopa ya mkwe tu, akaona hasa kilichokuwa kinapotea. Si heshima yake tena. Mtoto huyu alimpenda yule kijana wa soksi.

"Simama," alisema. "Mwongezee chai. Akimaliza mwongezee nyingine. Mwonyeshe picha zako za utoto, hata zile za kuchukiza."

Alitoka mbio kwa kandambili, gauni zuri limekusanywa mkononi, matope yakimrukia. Mtaa haukuwahi kumwona Mama Kizingiti akikimbia. Walidhani kuna moto.

Mwalimu alifungua mlango, na alipomwona akatabasamu polepole, kama mtu anayeletewa mtihani ambao majibu yake anayo.

"Mwalimu," alisema Mama Kizingiti huku akihema, "lile koti. Nalitaka. Hela yako yote hii hapa."

"Koti lipi?"

"Mwalimu!"

"Aa, lile." Mwalimu alitazama juu ya mlango wake, ambapo hapakuwa na kibao chochote, akasoma kwa sauti ya darasani. "Kikivuka kizingiti hakirudi."

"Nimekosea. Nimeliuza kimakosa."

"Hata mimi nilinunua suruali kimakosa. Niliambiwa nikunje. Basi nawe kunja." Akakunja mikono kifuani. "Mkuki kwa nguruwe, mama. Mkuki kwa nguruwe."

Hakumaliza methali, wala hakukuwa na haja. Mama Kizingiti alisimama pale mlangoni, manyunyu yakimlowesha, akasikia jinsi kibao chake kinavyosikika kwa mtu aliye upande wa pili. Kilisikika vibaya sana.

Hapo mke wa Mwalimu akatoka chumbani amelivaa koti, anajigeuza, amefurahi kama bibi harusi. "Nani? Ah, ni wewe! Mwenzangu, umenipatia! Tazama lilivyonikaa mabegani!"

Na kweli lilimkaa. Mama Kizingiti, hata katika shida ile, hakuweza kuacha kuona kwamba lilimkaa. Akapiga moyo konde, akasema kweli tupu. "Shoga, hilo koti ni la mkwe wangu. Ndiyo kwanza amekuja kunitazama leo. Alilivua, likatundikwa, nikaliuza. Hivi ninavyosema yuko sebuleni kwangu anakunywa chai ya tatu."

Mke wa Mwalimu alimtazama. Halafu akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, ukuta haukutosha, akakaa kitini, machozi yakimtoka, na kila alipojaribu kusema neno "mkwe" lilimshinda. Mwishowe alisimama akaanza kufungua vifungo.

"Mke wangu, usifanye haraka," alisema Mwalimu. "Kuna suala la suruali."

"Suala la suruali ni lenu. Mtu akiuza koti la mkwe wake hapewi adhabu nyingine, hiyo yenyewe inamtosha." Alimkabidhi koti. "Lakini utanipa jingine, nitakalochagua mwenyewe."

"Lolote, shoga. Hata mawili."

"Na suruali irudi," alisema Mwalimu. "Na kibao kirekebishwe. Kwa mkono wangu. Sheria isiyo na isipokuwa ndani yake si sheria, ni ubabe."

"Andika utakalo!" alipiga kelele Mama Kizingiti, tayari akiwa barabarani.

Aliingia dukani akiwa amelificha koti ndani ya mfuko, akidhani atalitundika kimya kimya na mambo yaishe, funika kombe mwanaharamu apite. Lakini mgeni hakuwa sebuleni. Alikuwa dukani, amesimama mbele ya bomba la mbele, mkononi ameshika henga tupu. Nyuma yake binti alikuwa na albamu ya picha wazi mikononi, na sura ya mtu aliyekwisha kuonyesha hata zile za kuchukiza.

"Mkwe," alisema mgeni, "umelowa."

"Nilikwenda... Lilikuwa na mkunjo, koti lako. Nikalipeleka lipigwe pasi."

Mgeni alitazama pasi ya mkaa, iliyokuwa inafuka moshi hatua tatu kutoka hapo. Akamtazama fundi. Fundi akatafuta kitu chini ya cherehani, akakitafuta kwa muda mrefu.

"Ahsante," alisema mgeni, akalipokea koti.

Na kana kwamba hilo halitoshi, mlango ukafunguka akaingia Mwalimu, suruali ya kijivu begani na chaki mkononi. "Nimekuja kutekeleza makubaliano," alitangaza. "Mke wangu atakuja kuchagua jingine badala ya lile la—"

"Karibu, Mwalimu!" Mama Kizingiti aliruka katikati. "Kaa! Suruali nimeipokea! Naipokea kwa mikono miwili!"

Cherehani ilisimama. Tangu kibao kipigiliwe hakuna nguo iliyowahi kurudishwa, na fundi aliinua kichwa kushuhudia. Mwalimu alivuta kigoda, akapanda, akaanza kuandika kwa mwandiko wa ubaoni chini ya maneno ya zamani: ISIPOKUWA SURUALI. Mgeni alisoma kibao chote, maneno ya juu na ya chini, bila haraka.

"Hii sheria yako, mkwe. Kikivuka hakirudi. Ni ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli," alisema Mama Kizingiti. Alikuwa amechoka, kandambili moja imekatika, na hakuwa na nguvu ya uongo mwingine, lakini aliuma ulimi. Uzi wa kijani ulikuwa kwenye ncha ya ulimi huo. Neno moja tu lingemwonyesha mwanamke huyu kwamba yeye si mwizi wala mpumbavu, kwamba alikuwa na sababu nzuri kabisa. Alimwangalia binti yake. Akalimeza.

Mgeni aligeuza koti ndani nje, kwa mkono uliozoea, akakunjua kwapa la kushoto, akalisogeza usoni mwa Mama Kizingiti.

"Basi mwambie fundi wako anirudishie mshono hapa. Kazi yake ilikuwa nzuri, lakini uzi wa kijani umeanza kuachia. Miaka miwili si haba."

Albamu ilimponyoka binti.

"Ulijua?" alisema Mama Kizingiti.

"Mkwe, mimi nimefua nguo za watu miaka ishirini na mbili." Alionyesha viganja vyake vile vipana. "Dobi haambiwi nguo mpya ni ipi. Nilijua siku ileile, kabla sijatia mkono wa pili. Lakini mtoto alikuwa amesimama mbele yangu ananitazama usoni, anasubiri. Mshahara wake wa kwanza. Ungesema nini wewe?"

Mama Kizingiti alishika kifungo kimoja cha koti, akakiachia.

"Nilimwambia, mwanangu, linanukia upya. Nimelivaa kila wiki tangu siku hiyo. Na alipoanza kunisimulia habari za binti wa kozi ya kompyuta, huku kila wiki akirudi nyumbani na soksi mpya za mtumba, nikasema hiyo kozi nitakwenda kuiona mwenyewe." Alimgeukia binti, ambaye uso ulikuwa umewaka mpaka masikioni. "Sasa nimeiona. Nimeona pia mtu aliyekuwa na neno la kunikomesha nalo, akalimeza kwa ajili ya watoto. Sihitaji kuona zaidi. Koti limesafiri mpaka wapi leo?"

"Nyumba ya nne," alijibu fundi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake matatu yaliyobaki siku hiyo.

Mama mkwe alicheka mpaka akalia, na Mama Kizingiti akacheka naye, kisha kicheko chake kikageuka katikati kikawa kilio, na hakuona haya. Kabla ya kuondoka mgeni alijaribu magauni matatu nyuma ya pazia la maua, akachukua moja, akapunguziwa bei mpaka Mwalimu, aliyekuwa bado juu ya kigoda, akasema hesabu hiyo haipo duniani.

Harusi ilifungwa miezi minne baadaye. Asubuhi ya siku hiyo, binti akiwa tayari amevikwa, gari likinguruma nje, alitoka kwa mlango wa duka kwa sababu gauni lake halikupita ule wa upande. Mama Kizingiti alisimama nyuma yake. Binti aliinua pindo, akavuka kizingiti, na mama akajikuta ametazama juu.

Aliomba dakika moja. Watu walidhani amesahau pochi. Alipanda kigoda na kilemba chake na mapambo yake yote, akatafuta kipande cha chaki alichokiacha Mwalimu, na chini ya ISIPOKUWA SURUALI, kwa mwandiko wake mbaya unaopanda mlima, akaandika: NA MTOTO WANGU.

Kibao hicho kipo mpaka leo. Wateja wageni hukisoma wakitoka, hucheka, halafu huuliza maana yake, naye huwaambia warudi ndani wanunue kwanza.